Ngome iwe ya mwisho

Mgeni akija Mombasa, awe ametoka Kisumu au Ujerumani, hupelekwa moja kwa moja Fort Jesus, yaani Ngome. Anatazama mizinga, anapigwa picha juu ya ukuta bahari ikiwa nyuma yake, anatoka, anapanda gari. Mji wa Kale, unaoanza hatua chache tu kutoka langoni, anauonea dirishani. Kwa maoni yangu huko ni kuusoma mji kinyumenyume. Anayetaka kuyafaidi makumbusho ya mtaa huu aende kwa miguu, aanzie upande wa sokoni, na Ngome aiache mpaka mwisho.

Sababu yangu kubwa ni ya historia. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ukitangulia kuingia mle, kila kitu kinakuambia kwamba Mombasa ilianza na Mreno. Lakini msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipita hapa mwaka 1331, akakuta watu wacha Mungu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Msikiti wa Mandhry, ambao mpaka leo unaswaliwa, ni wa mwaka 1570. Mtoto aliyepita chini ya mnara wake, mpana chini na mwembamba juu, kabla ya kukata tikiti ya Ngome, hana haja ya kuambiwa nani alimkuta nani hapa. Ameshajionea.

Mimi huanzia soko la Marikiti. Pale nyuma kwenye viungo, harufu ya iliki na mdalasini hukaa nguoni mpaka jioni. Kutoka pale naingia Biashara Street, kwenye maduka ya kanga, na huo kwangu ni ukumbi wa sanaa kamili, ingawa hakuna anayelipisha kiingilio. Simama pembeni uangalie mama akitandaziwa doti mezani. Hatazami rangi kwanza. Anaivuta kanga, anatafuta jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, sehemu ya katikati ya kanga, analisoma kimoyomoyo, na hapo ndipo uso wake unapokuambia kama itanunuliwa au itakunjwa. Pindo na rangi huja baadaye. Miundo hubadilika kila mara, na ile iliyokwisha dukani utaiona tena labda kwenye sanduku la bibi yako. Sijui kwa nini safari nyingi za wageni huupita mtaa huu kama njia ya kwendea kwingine.

Barabara ya Langoni ndiyo inayokuingiza Mji wa Kale wenyewe. Hapa punguza mwendo, maana maonyesho yamo kutani. Kuna mlango mmoja kwenye mtaa wa Ndia Kuu ambao siwezi kuupita bila kusimama. Bao la juu limechongwa mawaridi, na kutoka hapo nakshi inashuka kwenye miimo yote miwili kama mnyororo usiokatika, mpaka chini karibu na kizingiti ambako inageuka kuwa mawimbi. Mfaa wa katikati umelainika pale mikono ilipoushika kwa miaka yote hiyo. Chini kabisa mbao zimeliwa na maji ya kusafishia baraza, na mwenye nyumba ameziba kwa kipande kipya ambacho hakina nakshi hata moja. Kipande hicho ndicho hunikaa moyoni. Mlango uliomo makumbusho hauna kiraka. Huu bado unafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, na unazeeka pamoja na watu wake.

Siku moja mzee aliyekuwa kwenye baraza ya jirani aliniona nimeduwaa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wengi hupiga picha mlango. Nyumba yavuja wapi, hakuna aulizaye."

Maneno yake ni ya kweli, na hapa ndipo penye manung'uniko yangu. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na kuutoa, na chokaa huuruhusu utoke. Fundi wa siku hizi anakuja na saruji kwa sababu ni rahisi kupatikana na hukauka upesi. Unyevu unakwama ndani, plasta inavimba, inabanduka, na baada ya miaka michache mwenye nyumba anaambiwa ukuta umeoza, bora abomoe. Mlango unauzwa, mahali pake pakaja geti la chuma. Sheria inataka eneo hili lihifadhiwe, lakini gharama inamwangukia mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha. Tukitaka kujivunia milango hiyo, basi fedha za utalii zifike kwenye chokaa na boriti za nyumba za watu.

Nyumba ya Leven sitakuchelewesha sana. Jina lake linatokana na meli ya Kiingereza ya Kapteni Owen, ambaye mwaka 1824, Wamazrui waliotawala Mombasa walipokuwa wakitafuta msaada dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, alikubali bendera ya Uingereza ipandishwe hapa. Ulinzi huo ulikwisha 1826. Teremka ngazi zake mpaka karibu na maji, uitazame Bandari ya Kale, kisha urudi juu. Ukiona kiu, tafuta maji ya ukwaju. Kahawa chungu nayo iwekee nafasi kwa alasiri, wakati muuzaji anapita na dele lake akigonganisha vikombe.

Karibu na Ngome lipo jengo la Mahakama ya Zamani, la mwaka 1902, ambalo sasa hutumika kwa maonyesho. Wengi hulipita bila kugeuza shingo. Ingia, hata kama ni kwa dakika kumi tu.

Sasa Ngome. Ukiingia ukiwa umeshatembea, macho yako si yale uliyoanza nayo. Kwenye Nyumba ya Waomani, mapambo na vyombo vya nyumbani vya pwani huvitambua, kwa sababu umetoka kupita mbele ya nyumba ambazo vitu kama hivyo vilitumika. Kuta zenyewe zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lilelile lililojenga mtaa. Aliyezichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewafanyia kazi Wareno.

Tafuta pia kipande cha ukuta kilichochorwa na mabaharia na askari wa Kireno. Kwa makaa na udongo mwekundu wamechora meli, samaki na watu. Michoro ile haikuagizwa na mfalme yeyote. Ni ya watu waliokaa mbali na kwao, wakangoja meli, na walipochoka kungoja wakaichora. Mimi hukaa hapo zaidi kuliko kwenye mizinga. Meli halisi nazo zilikuja. Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697 chini ya Ngome hii, wakati Waomani wameizingira tangu mwaka uliotangulia, na vitu vilivyotolewa majini na wapigambizi katika miaka ya 1970 vimo humu ndani. Mwaka 1698 Ngome ilianguka mikononi mwa Waomani.

Lakini mtu ambaye ningependa kila mtoto wa Mombasa amjue ni Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmed, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Kijana akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kuja kutawala kwao kama rafiki wa mfalme wa Ureno. Inasimuliwa kwamba alionekana kwenye kaburi la babake akiomba dua kama Mwislamu. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa Ngome na kuitwaa. Kikosi cha Wareno kilichotumwa kuirudisha kilishindwa, kabla ya yeye mwenyewe kuiacha na kuondoka kwa njia ya bahari. Hadithi hii ina kila kitu, na bado wapo vijana waliozaliwa Kibokoni, humu humu Mji wa Kale, ambao wanalijua jina la Vasco da Gama na hawalijui lake.

Waingereza waliifanya Ngome jela kuanzia 1895 hadi 1958, na pengine ndiyo maana wazee fulani hawakuwa na hamu ya kuingia hata ilipogeuzwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tumebaki kuipita kwa tuktuk. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na watoto kidogo zaidi. Chagua Jumamosi, maana Ijumaa adhuhuri vichochoro hujaa watu wanaokwenda msikitini. Toka Marikiti saa mbili asubuhi kabla jua halijakaza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha mlango wa mtu, na ukimkuta mwenyewe barazani, muulize kuhusu paa.