Kabla hujamwita fundi wa msasa, shika pasi kwanza

Jamani mi nina ugomvi na watu wa "piga msasa tu". Mwonyeshe mtu doa kwenye meza, jibu ni hilohilo, msasa afu vanishi ya giza juu, kazi imeisha. Meza inarudi inang'aa kama gari la harusi ila ile mistari ya mninga uliyoilipia huioni tena.

Hii hasira nimeipata hivi karibuni. Mama yangu mdogo anakaa Sengerema, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe hakuna tena habari ya kusubiri kivuko, kwa hiyo anatokea tu saa nne asubuhi uko na kanga moja. Juzi kaja na sato wawili, kaingia jikoni mwenyewe, ugali ulipoiva kautoa na sufuria yake hadi mezani, tii, juu ya ile nailoni ya maua. Nimeona kabisa. Sasa mama mdogo utamwambiaje atoe sufuria yake? Nikanawa, nikala.

Jioni nainua nailoni, imeng'ang'ania, chini kuna duara jeupe saizi ya kitako cha sufuria. Na hizi nailoni tunatandika eti zinalinda meza! Hazizuii joto la sufuria hata kidogo, afu unyevu ukiingia chini yake hauna pa kutokea, na sisi wa huku ziwani msimu wa mvua tunajua unyevu ni nini.

Nikafanya ujinga wa kwanza, dawa ya meno na mswaki mkuukuu, nimesugua mpaka mkono unauma. Dawa ya meno ni msasa laini tu ule, inakula vanishi ya juu, kwa hiyo nikapata doa jeupe ndani ya doa lililofubaa. Fundi mmoja wa upande wa Nyakato akaja kuangalia akasema laki na ishirini, anakwangua meza nzima.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yetu, aliwahi kufanya useremala. Kapitisha kidole tu juu ya meza, akasema, "Mwanangu, doa jeupe halipo kwenye mbao, lipo kwenye vanishi. Jeusi ndo limezama." Yani ule weupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, kama ukungu kwenye kioo, na dawa yake ni joto kidogo liutoe.

Basi pasi. Kama ni ya mvuke mwaga maji yote, weka moto wa chini kabisa, tandika kitambaa cha pamba kikavu, cheupe, kisicho na maandishi (fulana za kampeni ziache kabatini, ile chapa itahamia mezani uanze kula ukimwangalia mgombea). Pitisha sekunde tano hivi, inua, angalia, rudia. Usiiache pasi imekaa hata kidogo, vanishi inaweza kulainika au kutoa malengelenge. Mi nilirudia kama mara kumi, doa likawa linafifia kuanzia pembeni kuja katikati, mpaka mtoto akaniuliza mbona naipigia meza pasi. Kivuli kilichobaki nikakipaka mafuta ya mgando nikalala, asubuhi nikafuta, kwisha. Sehemu iliyofubaa kwa ile dawa ya meno bado ipo lakini.

Nta ya mshumaa umeme ukikatika ni rahisi, igandishe kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko, ikwangue na kadi ya zamani ya benki, sio kisu.

Doa jeusi ndo habari nyingine. Hilo maji yameshapita vanishi yakafika kwenye mbao, na mara nyingi kuna chuma hapo, kopo la maua lililoota kutu au vipande vya stili waya, maana chuma na maji vikikutana na tanini, ile kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, vinatoa weusi kama wino. Ndo maana nasema stili waya isiguse meza yenye maji. Dawa yake ipo, asidi ya oksali, ila lazima vanishi itolewe kwanza, na ni sumu, inataka glavu na uangalifu, sio kitu cha kuchezea sebuleni watoto wanazunguka. Hapo ndo namkubali fundi na msasa wake. Ila mwambie mapema, tena kwa herufi kubwa: vanishi isiyo na rangi.

Mi kwangu jeusi ninalo moja, chini ya kopo la maua pale dirishani, la mwaka juzi. Nimelirudishia kopo lake juu, safari hii na kisahani chini. Na mama mdogo kasema Pasaka anakuja tena, nimeshanunua ubao wa kuwekea sufuria, nitautanguliza mezani kabla hajafika.