Kabla ya Kibao, Komeo: Vyoo vya Umma Nyanda za Juu Kusini

Basi la abiria 60 likisimama dakika 15 kwenye hoteli ya njiani, popote kati ya Ruaha Mbuyuni na Makambako, kinachotokea ni kilekile kila siku. Upande ulioandikwa WANAUME hauna foleni. Upande wa WANAWAKE foleni imezunguka ukuta, dereva ameshaanza kupiga honi, na akina mama kadhaa wanarudi kwenye viti vyao hivyohivyo, wakitumaini gari litasimama porini wachimbe dawa. Wakati huo upande wa pili wa ukuta kuna vyumba viwili vitupu.

Kwa nini basi visiwe vya wote? Wapo wanaosema vibao viondolewe, kila chumba kiwe cha yeyote aliyefika kwanza. Wapo wanaosema kutenganisha ni heshima na ulinzi, na kwamba anayetaka kuchanganya hajawahi kuingia choo cha stendi saa nne usiku. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinabishania kibao wakati hatari na karaha zinatoka kwenye ukuta, komeo, maji na taa.

Mjadala huu ni mzee kuliko tunavyodhani. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 1887 sheria ya kutenganisha vyoo vya wanawake na wanaume viwandani. Miaka ya karibuni ubishi wa Marekani na Uingereza umevutwa zaidi na suala la watu waliobadili jinsia: waingie mlango upi, na nani aamue. North Carolina ilipitisha sheria kali mwaka 2016 na kuifuta kwa sehemu mwaka uliofuata. England kanuni za ujenzi zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2024 zinataka majengo mapya yasiyo ya makazi yawe na vyoo tofauti kwa kila jinsia, huku vyumba kamili vya mtu mmojammoja vikiruhusiwa kuongezwa, au kusimama peke yake pale nafasi inapokuwa finyu. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 lina maana ya jinsia ya kuzaliwa. Hilo ni shauri lao, na linawagusa watu halisi wa kila upande. Kwetu Mbeya na Iringa swali linaanzia kwingine, ila kanuni ile ya England ina jambo moja la kuazima: inatofautisha chumba kamili, chenye ukuta mpaka juu na sinki ndani, na kijichumba cha mbao chenye uwazi chini ya mlango. Hivyo viwili havilinganishwi.

Tuanze na hesabu ya basi lile. Chukua wanawake 30 na wanaume 30. Wanawake wana matundu matatu, na kila mmoja anatumia dakika mbili tangu kufunga mlango hadi kuufungua. Kwa dakika 15 kila tundu linahudumia watu saba, jumla 21. Tisa wamebaki. Wanaume wana matundu mawili na mfereji wa kukojolea wenye nafasi ya watu wanne. Kila mtu akitumia dakika moja, wote 30 wamemaliza kabla ya dakika ya nane. Sasa fungua yale matundu mawili kwa kila mtu na uache mfereji tu upande wa wanaume: matundu matano kwa dakika 15 yanatoa nafasi 35. Hata wanaume wawili wakiingia humo kwa haja kubwa, dakika tano kila mmoja, akina mama wote 30 wanapata.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walifanya hesabu ya namna hii mwaka 2017 kwa mahali penye msongamano. Eneo likigawanywa sawa kwa sawa, mwanamke anasubiri zaidi ya dakika sita na mwanamume sekunde 11. Sababu yake ni kwamba mfereji wa kukojolea unachukua nafasi ndogo, hivyo ndani ya eneo lilelile wanaume wanapata sehemu nyingi zaidi. Anayejisifu kwamba amegawa nusu kwa nusu amewapunja wanawake bila kujua.

Lakini hesabu hiyo haithibitishi kwamba tuchanganye. Ukibakiza vibao vyako, ukaongeza tundu la sita, na kuwapa wanawake matundu matano, wanaume tundu moja na mfereji, foleni inaisha vilevile. Kilichothibitika ni kwamba mgawanyo wa sasa ni mbovu. Shule zetu zinalijua hilo zamani: mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa vyoo vilivyotenganishwa. Kanuni hiyo ni nadra kuiona ikivuka uzio wa shule kwenda stendi na sokoni.

Sasa hoja ya kutenganisha, nayo ni nzito kuliko watetezi wa choo cha wote wanavyopenda kukiri. Mahali penye mlango wa wanawake, mwanamume akionekana anaingia, mama yeyote ana haki ya kumuuliza unakwenda wapi, na wote waliopo watamuunga mkono. Kibao kimempa sauti. Kwenye korido ya pamoja mwanamume aliyesimama dakika kumi ana sababu ya kuwapo: anasubiri zamu. Tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, watu wanashuka stendi saa nane za usiku, umeme umekatika, mhudumu amelala. Haki hiyo ya kuuliza si jambo dogo.

Kuna na hedhi. Mwanamke anayebadilisha taulo au kufua kitambaa anahitaji maji hapohapo alipo. Kwenye choo cha wanawake chenye sinki la pamoja anaweza kutoka nje ya chumba mikono ikiwa haijawa safi, akanawa mbele ya wanawake wenzake. Akilazimika kupita hivyo katikati ya wanaume, hatatoka. Atamalizia humohumo kwa kopo, au atatupa taulo kwenye tundu. Taulo la kiwandani lina plastiki na unga unaovimba ukipata maji. Linanasa kwenye kona ya bomba la inchi 4, na kesho yake fundi anafukua chemba. Mtu akilalamika kwamba wanawake wanaziba vyoo, aulize kwanza kama ndani kulikuwa na bomba la maji na ndoo yenye mfuniko.

Na kuna adabu ya huku, ambayo mchoraji ramani aliyetoka mbali haioni. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hukwepana, na familia nyingi za Rungwe na Kyela bado zinalishika hilo kwa uzito. Siku ya soko Tukuyu, mkamwana na mkwe wanaweza kufika mahali pamoja saa ileile. Kuwasimamisha kwenye foleni moja ya choo, mmoja akitoka mwingine akiingia, ni kumfanya yule mwanamke asiingie kabisa. Mtu anayejizuia kutwa nzima anapunguza kunywa maji, na mkojo unaokaa muda mrefu unaongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Aibu hapa ina matokeo hospitalini.

Ila hoja ya ulinzi ina udhaifu wake. Vyoo vyetu vingi vilivyotenganishwa vimejengwa nyuma ya jengo, mlango wa wanawake ukiwa upande wa mbali zaidi, kwa nia njema ya kuwasitiri. Ukishapita kona hiyo hakuna anayekuona, wala anayemwona aliyekufuata. Ukuta kati ya vijichumba umeishia mita mbili. Anayetaka kuchungulia, au kunyoosha simu yenye kamera, anapanda juu ya ndoo. Komeo liling'oka mwezi uliopita, mlango unashikiliwa kwa mkono. Mahali kama hapo neno WANAWAKE ukutani halimlindi mtu.

Kwa hiyo chumba cha wote kinawezekana, lakini kwa masharti ya ujenzi. Kuta za kati ziende mpaka kwenye dari. Kwa chumba chenye kina cha mita 1.5, kupandisha ukuta kutoka mita 2 hadi 3 kunakula mita ya mraba 1.5, yaani karibu tofali 15 za inchi 6. Vyumba sita vina kuta tano za kati: tofali 75. Anayesema ni gharama kubwa hajahesabu. Sehemu ya kupitisha hewa iwe ukuta wa nyuma juu ya mita mbili, kwa tofali za matundu, kwa sababu chumba kilichozibwa juu bila hewa hakiingiliki baada ya saa moja. Kama ni choo cha shimo, bomba la hewa la inchi 6 lipite paa kwa nusu mita, juu lifungwe wavu wa nzi.

Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mlango wa kufungukia ndani unamzuia mwokozi, maana mwili wake ndio umeshakuwa kizuizi. Komeo liwe la chuma, lifungwe kwa skrubu ndefu kwenye fremu ya mbao ngumu, na liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa bisibisi. Ndani kuwe na bomba la maji, sinki dogo la kunawia, ndoo yenye mfuniko na ndoano ya kutundika mkoba. Ndoano inasahaulika kila mahali, kisha mama anashika mtoto, mkoba na mlango kwa mikono miwili.

Halafu sakafu. Malalamiko makubwa ya wanawake kuhusu choo cha wote ni mkojo. Mwanamume anayesimama mbele ya choo cha kukaa huacha matone kwenye kikalio na sakafuni. Baridi ya Njombe, Mafinga na Makambako mwezi wa sita na wa saba hairuhusu sakafu ikauke, kwa hiyo kilichomwagika asubuhi kinakanyagwa mpaka jioni. Dawa yake ni mfereji wa kukojolea wa wanaume ujengwe kando, wenye ukuta na mlango wake, ili wengi wasiingie vyumbani kabisa. Vyumbani sinki la kuchuchumaa linafaa kuliko la kukaa kwa eneo la umma, kwa kuwa hakuna ngozi inayogusa kitu. Sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu, na iwe ya zege iliyopigwa brashi. Vigae vinavyong'aa vinapendeza siku ya uzinduzi na kuvunja nyonga za wazee siku zinazofuata.

Milango itazame wapi? Hapa hata mafundi hawaelewani. Ikitazama uwanjani, mbele ya mpokea fedha, hakuna anayeweza kujificha, lakini kila mtu anakuona unapoingia. Ikitazama koridoni unasitirika, na mwingine naye anasitirika. Kwa maoni yetu itazame uwanjani, chini ya kibaraza cha mita 1.2 (Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, foleni isiyo na paa ni adhabu), na mbele yake kuwe na ukuta mfupi unaofika kiunoni. Unaficha nusu ya chini ya mlango, hauwezi kumficha mtu aliyesimama.

Kuna watu ambao mgawanyo wa milango miwili haukuwahi kuwafaa hata siku moja. Baba anayesafiri na binti wa miaka minne. Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka minane. Mke anayemsaidia mumewe aliyepooza. Kwao chumba kimoja kikubwa cha wote si suala la itikadi. Kinahitaji upana wa mita 1.5 na kina cha mita 2.2, mlango wenye uwazi wa sentimita 90, choo cha kukaa, vyuma vya kushikilia kwenye kimo cha karibu sentimita 70, na njia inayopanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Tatizo la kawaida ni kugeuzwa stoo ya fagio na ndoo, funguo iko kwa mtu aliyekwenda kula.

Hukumu yetu inategemea ukubwa wa mahali. Zahanati, ofisi ya kata, kituo cha mafuta Igurusi au Ilula, penye matundu mawili au matatu tu: fanya vyumba kamili vya wote. Ukivigawa kwa vibao, siku kimoja kinapoziba jinsia moja haina choo kabisa. Stendi kuu au soko kama Mwanjelwa, ambako wanawake wanauza tangu alfajiri hadi jioni: tenganisha, wape wanawake matundu mengi kuliko wanaume, ongeza chumba kikubwa cha familia na wenye ulemavu. Na hoja kwamba kutenganisha kunataka mfumo wa maji taka mara mbili si ya kweli. Jenga pande mbili zikipeana mgongo, bomba moja la inchi 4 lipite katikati likishuka sentimita 2.5 kwa mita, linahudumia zote.

Linalobaki ni mkataba na mzabuni, na hapo halmashauri zinalegea. Ushuru wa choo ni shilingi 200 hadi 500, na baadhi ya maeneo yanatoza haja ndogo bei ya chini. Mwanamume anakwenda mfereji na kulipa kidogo. Mwanamke kwa haja ileile lazima aingie chumbani, na mara nyingi anatozwa bei ya chumba. Mkataba uweke bei moja kwa haja ndogo kwa wote. Uandike pia idadi ya makomeo yanayofanya kazi, taa ya jua kwa kila mlango, muda wa kumwaga ndoo za taulo, na saa za usiku ambazo mhudumu lazima awe macho. Bwana afya akija kukagua, aanze kwa kujifungia ndani ya kila chumba, kimojakimoja, ajaribu komeo kwa mkono wake.