Breki ya Shemeji

Marekani kuna sheria ya kila kitu, ila ya kumzuia shemeji yako asiipambe bunduki sebuleni kwako haipo. Nimeitafuta.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mosin-Nagant ya Mrusi, ile ya modeli 91/30. Mwaka 2011 hapa Texas mitumba ya jeshi ilikuwa imejaa madukani. Ukiwa na kadi ya ukaazi na huna rekodi ya uhalifu, siku hizo ulikuwa unajaza fomu, wanakuhakiki, unalipa chini ya dola 100, unatoka na silaha ambayo imelala ghalani tangu enzi za Stalin. Yangu iligongwa mhuri wa kiwanda cha Izhevsk, mwaka 1938. Ina urefu wa sentimita 123. Ukiichomeka singe yake, ambayo si kisu bali ni mwiba mtupu wa chuma, inafika 166. Mama Neema ana 158. Niliwasimamisha ukutani pamoja nikawapiga picha, na picha hiyo hadi leo nimekatazwa kumwonyesha mtu.

Ilikuja imepakwa kosmolini, grisi nzito ya kahawia ambayo majeshi huvipaka vyuma visishike kutu. Nikachemsha maji, nikaimwagia, nikaisugua kwa fulana zangu zote za kampeni za uchaguzi nilizokuja nazo kutoka Morogoro. Chuma kikang'aa. Nyumba ikanuka gereji wiki nzima. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe grisi nyingine ilikuwa imejificha ndani ya mbao inanisubiri.

Sasa shemeji. Ni mdogo wake Mama Neema, anakaa chumba cha nyuma kwa muda, na huo muda wenyewe mimi huwa siuulizii. Akaizunguka bunduki mezani, mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Shem, mbona iko uchi?"

Nikamwambia imepigana vita na Hitler ikiwa hivyohivyo. Nikamwambia habari za Simo Häyhä, yule Mfini wa vita vya mwaka 1939 na 1940 anayehesabiwa kuua wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya 500, tena kwa bunduki ya ukoo huuhuu, bila darubini. Shem akasema huyo hakuwa na intaneti.

Vifurushi vikaanza kuingia. Darubini. Raba ya kuvisha kitako. Na kidubwasha kimoja cheusi cha kufunga mdomoni mwa mtutu, kina matundu ubavuni, kazi yake kuutupa moshi pembeni ili bunduki isikupige teke. Shem akakibatiza breki. Gharama ya madoido yote ilikuwa imeshaipita bunduki, lakini alilipa yeye, nikanyamaza.

Darubini kwenye Mosin ni mtihani. Mpini wa komeo lake, kile chuma unachovuta na kusukuma kutoa ganda na kuingiza risasi, umenyooka. Ukilifungua unasimama wima, kwa hiyo darubini ukiiweka chini pale inapopendeza, mpini unaigonga. Warusi wenyewe walipowatengenezea wadunguaji wao waliupinda mpini ukaelekea chini. Shem hakutaka habari ya kupinda chuma. Alinunua kibao kinachofungwa mbele zaidi, mahali pa lile bamba la kulengea. Bamba hilo limechorwa tarakimu 1 hadi 20, yaani mita 100 mpaka 2,000. Mrusi alikuwa na matumaini.

Pini inayolishika bamba haikuwa imeguswa miaka mingi. Shem akaigonga kwa msumari na nyundo. Wapi. Akaongeza nguvu. Wapi. Akatema mate kiganjani, akaitandika, ikachomoka kwa mlio mwembamba, tukaisikia ikigonga kioo cha kabati la vyombo, na huo ndio ukawa mwisho wa kuisikia. Bamba akalitia mfukoni mwa suruali.

Darubini ikafungwa. Nikaiweka bunduki begani, nikachungulia. Giza. Katikati ya giza kulikuwa na kitundu chenye ukubwa wa punje ya mtama, na dunia nzima imo humo. Darubini ilikuwa ya kawaida, inayotaka jicho likae sentimita kama nane tu nyuma yake, na yeye kaifunga mbele kule. Ili uone kitu ilikubidi unyooshe shingo hadi kidevu kikae juu ya komeo, mahali ambapo hakuna mtu anayeyapenda meno yake anaweka kidevu wakati wa kufyatua.

"Utazoea," akasema.

Breki nayo ilikuwa na karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa bunduki tofauti kabisa. Mtutu wa Mosin hauna hesi mdomoni, kwa hiyo hakuna cha kukizungushia. Kinavishwa tu kama pete, halafu unakaza skrubu kwa kispana kidogo cha herufi L. Shem alikaza mpaka kispana kikapinda, akajifuta jasho, akasema hii haitoki hadi Kiyama.

Raba ya kitako nisiisahau. Husemwa kitako cha Mosin kilifanywa kifupi kwa sababu askari angekuwa amevaa koti juu ya koti. Sisi tuliirefusha, tukavaa fulana, tukaenda uwanja wa shabaha karibu na Houston, Jumamosi ya Julai, jua la kuivisha ugali.

Shem akanipisha kwa adabu isiyo ya kawaida yake. "Bunduki yako shem, mwenyeji kwanza."

Nikalala kwenye meza. Shabaha iko yadi 100, mimi naiona ndani ya mtama. Risasi ya Mosin, milimita 7.62 kwa 54, bado inatumika kwenye bunduki za rashasha za Urusi hadi leo, kwa hiyo siyo ya kuchezea. Nikavuta pumzi, nikabana kifyatulio.

We acha tu. Moto ukatoka wa kuwashia tanuri. Raba ya kitako ikapinduka ikanibana kwapani. Kibao cha darubini kikalegea, darubini ikawa inaangalia ndege. Na hapohapo, juu ya mlio wote, nikasikia kitu kinaondoka kikipiga mluzi, wiiiii, kuelekea kwenye shabaha.

Shabaha yangu haikuwa na tundu. Shabaha ya mzee wa meza ya pili ilikuwa inayumba.

"Acheni kupiga!" msimamizi akapaza sauti. "Nani anarusha vyuma?"

Taratibu za pale ni kwamba hakuna anayekanyaga mbele kabla bunduki zote hazijafunguliwa na kuonekana tupu. Zote zikafunguliwa. Yangu ikagoma. Komeo halikunyanyuka, ganda la risasi lilikuwa limegandamana na mabaki ya grisi mle kwenye chumba cha risasi. Nikavuta. Shem akaja akavuta. Tukavuta wawili, huku watu wa meza zote wamekunja mikono wanatusubiri, na mtoto mmoja anauliza babake kwa nini wale wajomba wanapigana na ile bunduki.

Msimamizi hata hakugeuka. "Mosin?" akauliza.

"Ndiyo, bwana."

Akavuta droo, akatoa nyundo ya raba. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa Kiingereza chao: ya Mosin tu.

Komeo likafunguka. Tukaenda, msafara mzima. Breki tuliikuta kwenye majani, karibu na nguzo ya shabaha ya mzee. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa na mkato wa nusu duara, laini, unaometa, mahali risasi ilipoulamba ikipita. Ilifungwa kombo. Skrubu zilikuwa zimeshakwenda zao.

Yule mzee alikuwa amevaa kofia ya waliopigana Vietnam. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa shabaha yake. Akaitazama bunduki yangu kwa muda.

"Binamu yake alinikosakosa mwaka 1968," akasema. "Alikuwa mfupi, wa Kichina. Lakini na yeye hakuvaa hivi."

Akaomba ruhusa, akafungua vyote, kimoja baada ya kingine, akavipanga mezani. Kisha akauliza bamba la kulengea liko wapi. Shem akaingiza mkono mfukoni, akalitoa likiwa na vipande vya kashata. Mzee akapuliza kashata, akachimba kwenye kisanduku chake cha zana, akapata msumari mwembamba, akaufanya pini. Halafu akauliza singe.

"Singe ya nini, mzee? Tunachoma mtu?"

Akaeleza kwamba jeshi la Kisovieti lilikuwa linarekebisha shabaha ya bunduki hizi singe ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa, uzito wa mdomoni unabadilika, na risasi inahama. Kwa maneno mengine, pambo pekee ambalo bunduki ile ilikuwa inalitaka ni lile tulilolining'iniza nyumbani juu ya runinga. Shem akatumwa na gari. Alirudi na singe imetoka nusu dirishani, imefungwa kitenge chekundu mwishoni ili polisi wasimsimamishe.

Mzee akachomeka, akaketi, akapiga. Risasi zote tano za magazini zikaingia kwenye duara jeusi, zimebanana. Akaongeza tano nyingine, na tano tena, alikuwa ameshanogewa. Mbao zikapata moto, na hapo kosmolini iliyojificha ikaanza kutoka, ikamchirizika shavuni hadi kwenye ndevu nyeupe. Akajipangusa, akanusa kidole, akacheka mpaka akakohoa.

Kwenye gari shem alikuwa bize na simu. Nikajua anaandika malalamiko. Jibu la muuzaji likaja kabla hatujafika nyumbani: fedha atarudishiwa, mradi breki irudishwe kamili, pamoja na skrubu zake zote.

Jumamosi tunarudi kuzitafuta kwenye majani. Sumaku ameshaazima kwa mzee.