Mjane hapaswi kuomba hifadhi katika shamba alilolilima

Naishukuru makala iliyoeleza habari ya mjane wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, aliyeondolewa na shemeji zake katika shamba alilolilima pamoja na marehemu mumewe, lakini sikubaliani na mwandishi anapoilaumu mila peke yake. Mila hiyo iliandikwa na Serikali yenyewe. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linaeleza kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Je, asiye na mtoto atatunzwa na nani?

Wajane wawili walilifikisha suala hili Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, hadi mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilipotamka kwamba haki zao zilikiukwa. Na hayo ni licha ya kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi.

Nilikaa kando ya shangazi yangu katika kikao cha ukoo kilichogawa mashamba ya mumewe, naye hakuulizwa neno hata moja. Laiti wabunge wetu wangalikuwapo pale.