Acheni Kumpepea, Mtazameni Kifua

Dar es Salaam mtu akibanwa na kifua hadharani, utaratibu unajulikana. Mmoja anapiga kelele "mpeni hewa!", mwingine anafungua kanga ya juu anaanza kupepea, wa tatu anakuja na maji ya kunywa. Akitokea wa kumsomea dua, naye anasogea. Dua sina tatizo nayo, maana haimzuii mtu kutafuta bajaji. Ninachogombana nacho ni kwamba katika watu wote hao, hakuna anayemtazama mgonjwa kifua.

Hewa haijaisha. Hata Kariakoo siku moja kabla ya Idi, penye msongamano wa kukanyagana, hewa ina oksijeni asilimia 21 hivi. Hata ile tunayoitoa puani bado ina kama asilimia 16. Shida ya mgonjwa ni kuiingiza na kuitoa. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kuyapanua. Kazi hiyo inafanywa na kiwambo, msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo, kwa msaada wa misuli iliyo katikati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia, kama unavyovuta mpini wa bomba la sindano. Kikilegea, hewa inatoka yenyewe. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, huku akiwaza foleni ya Ubungo na hana habari kabisa.

Mwenye pumu habari anayo. Vijia vyake vya hewa vimebana, vimevimba na vimejaa makohozi, na kazi kubwa inakuwa kuitoa hewa iliyonaswa ndani. Ndiyo maana mluzi unasikika zaidi anapotoa pumzi. Kumwamrisha "vuta pumzi ndefu!" ni kumwongezea mzigo. Upepo wa kanga usoni unamtuliza kidogo, sikatai, lakini haufungui kijia hata kimoja. Kinachofungua ni ile inhela ya bluu, kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, ambayo mara nyingi imo kwenye mkoba wake na hakuna aliyemuuliza. Akishindwa kuivuta vizuri, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako inafaa: inhela inaingia kwenye tundu, mdomo wa chupa anaufumba kwa midomo, unabonyeza inhela mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara kadhaa humo humo, ndipo unabonyeza tena.

Utajuaje kama hali ni mbaya? Mimi namuuliza mtu: "Umetoka wapi?" Akinieleza kwamba katoka Tandika kwa dada yake, kapanda daladala, konda kamrudishia chenji pungufu, huyo pumzi anayo. Akisema "Tan...", akasita, akavuta, "...dika", hiyo tayari ni dharura, hata kama hajaanguka na halii.

Kisha fungua vifungo vya shati. Tazama kishimo kilicho chini ya koo, juu ya mfupa wa kifua. Kwa mtu anayepigania pumzi kinazama kila anapovuta, misuli ya shingo inasimama na mabega yanapanda. Utamkuta ameinama mbele, mikono magotini, na hataki kabisa kulazwa. Msikilizeni. Mwili wake umeshachagua mkao unaomfaa.

Kinachonitisha kuliko vyote ni mluzi kunyamaza wakati mtu bado anahangaika. Waliomzunguka husema "afadhali, kimetulia". Hakijatulia, hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haitoi sauti. Akianza kusinzia au kuongea asivyoeleweka, amechoka na oksijeni haifiki vizuri kichwani. Tusisubiri tumwone amebadilika rangi. Kwenye ngozi zetu nyeusi ubuluu huonekana kwenye ulimi, fizi na kucha, tena huchelewa.

Kwa watoto wadogo kuna kipimo kizuri ambacho naona kila mzazi angepaswa kukijua kama anavyojua tarehe ya chanjo. Mtoto akiwa na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, weka simu mbele yako, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi 11 ni 50, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano ni 40. Huenda ni nimonia. Aonwe leo, siyo Jumatatu. Na sehemu ya chini ya kifua ikiwa inabonyea ndani anapovuta, msianze na duka la dawa.

Macho yana mahali yanaposhindwa, nako ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo linalotokea sana masika mvua inapotufukuza uani. Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa huo haina harufu, inang'ang'ania damu mahali pa oksijeni, na mtu anaweza kupumua vizuri tu huku anakufa. Kichwa kikiuma watu wawili au watatu pamoja, tokeni nje kwanza, mambo ya malaria yajadiliwe huko.

Aliyepaliwa ni habari nyingine. Akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, wala msimpe maji. Akiwa hatoi sauti wala kikohozi, mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5; tonge lisipotoka, simama nyuma yake umbinye juu ya kitovu mara 5, ndani na kuelekea juu, kisha rudia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habinywi tumbo. Baada ya mapigo ya mgongoni hubonyezwa kifua.

Bajaji ikifika, jambo moja tu naomba: msimlaze mapajani pa watu. Akae wima, aegemee mbele kama alivyokuwa, vifungo wazi, inhela mkononi. Na anayemsindikiza, akifika mapokezi, aanze na "hawezi kumaliza sentensi". Kadi ya bima itafutwe baadaye.