Changu wa Mama Lishe

Alfajiri moja pale Chikongola, Mtwara, tuliamka tukakuta bibi ukutani. Bibi wa Kimakonde, pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu, chale usoni, kanyoosha mkono anajipiga selfi. Kachorwa kwa rangi ya bluu kwenye ghala bovu la korosho, na aliyemchora hakuacha jina wala alama.

Mimi usiku ule nilikuwa nimebeba kopo la rangi ya mlango wangu. Ya bluu. Bodaboda ikanirusha shimoni, kifuniko kikachomoka, nikalala bluu hadi viwikoni. Mafuta ya taa ya kujisafishia sikuwa nayo.

"Kumbe ni wewe!" Kijiwe kizima cha kahawa kikainuka.

Ningekana, lakini mtu alishanipa kikombe, mwingine kashata mbili. Dereva wa bajaji akaanza habari za Banksy, yule mchoraji wa kuta wa Uingereza asiyejulikana sura: mwaka 2018 picha yake ilinadiwa London kwa zaidi ya pauni milioni 1, nyundo kugonga tu, ikaanza kujichana yenyewe ndani ya fremu.

"Wa kwetu ndiye huyu!"

Nikainamisha kichwa kinyenyekevu. Banksy kafika alipofika kwa kufunga mdomo. Wangu ulikuwa umejaa kashata.

Saa nne mama lishe akaniita. "Mwanangu, nichoree samaki changu hapo bandani. Utakula bure wiki nzima."

Nikahangaika mchana kutwa. Tumbo likatoka bapa. Jicho likakaa katikati, mapezi yakaanzia kwenye jicho yakateremka huku na huku. Mama akaja, kalaza shingo kushoto, kalaza kulia.

"Na mwenzake utamchora lini?"

"Samaki mwingine, mama?"

"Ndala ya pili."

Nikamwambia aniache, kazi ya rangi inataka mwanga wa asubuhi. Asubuhi mwanga ulikuwepo, na watu tele wameshika mbavu. Mchoraji mwenyewe alipita usiku. Changu wangu hakumgusa hata mstari. Kamvalisha mguu tu, kucha ya kidole gumba imeng'oka, juu yake pindo la kanga, juu ya kanga ndonya ileile, bibi anacheka.

Chini ya picha mama lishe kaweka sahani ya wali samaki, kaifunika kawa, anamsubiri mchoraji. Nilipoinyooshea mkono nikapigwa mwiko.

"Wewe si umeshiba kashata?"