Ukiovakloki Dar, pima saa nane mchana

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu Tabata kanitumia picha ya skrini WhatsApp, prosesa ya kompyuta yake iko nyuzi 97 za joto, anauliza "kaka hii ni kawaida?" Hapana mdogo wangu, sio kawaida. Ana i5-2500K, zile za Intel za mwaka 2011, kaipata na mazabodi yake (bodi kuu inayobeba prosesa) ya Z77 kwenye vitu used Kariakoo, akaangalia video moja YouTube jamaa anaipandisha mpaka gigahezi 4.6 kwa volti 1.40, naye akaingia baiosi, ile menyu ya setingi kabla Windows haijawaka, akaandika namba zile zile. Yule jamaa wa kwenye video kavaa sweta. Dogo yuko kwenye chumba cha bati, mwezi wa pili, feni ya ukutani inazungusha joto lile lile.

Mimi naovakloki, yani naipandisha prosesa spidi kuliko ilivyotoka kiwandani, na sina mpango wa kuacha. Nakata video za harusi na send-off, kazi iliyokuwa inarenda (kompyuta inatengeneza video ya mwisho) masaa matatu ikiisha kwa masaa mawili na nusu hiyo kwangu ni hela. Ila naamini kabisa sisi wa huku tunaangalia pasipo. Tunashindana gigahezi wakati kinachomaliza prosesa ni volti na joto.

Angalia hesabu yenyewe. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na spidi, lakini volti unaizidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukitoka 3.4 kwenda 4.6 bila kugusa volti umeongeza kama asilimia 35, sasa ukitoa volti 1.20 ukaweka 1.40 juu ya spidi hiyo unafika karibu asilimia 84, na yote hiyo inatoka kama joto kwenye kidude kidogo kama kucha ya dole gumba. Volti nyingi inakula hata kama joto liko sawa. Mwaka 2024 Intel wenyewe walisema prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zinagoma ghafla zilikuwa zinapewa volti iliyozidi, wakatoa sasisho la baiosi mwezi wa nane la kuzizuia zisiombe zaidi ya 1.55, na waranti wakaiongeza miaka miwili. Na humo kulikuwa na watu hawajagusa kitu, wamenunua wakawasha tu.

Afu kuna hili la chumba ambalo hizo video hazisemi. Hitisinki, lile chuma la mapezi linalokaa juu ya prosesa kuipoza, haiwezi kupoza chini ya hewa inayoizunguka. Chumba cha mwenzako kina nyuzi 20, cha kwako kina 32, basi hizo 12 zinaongezeka moja kwa moja kwenye prosesa yako, yani setingi inayompa yeye 80 wewe unaisoma 92 na hujakosea kufunga kitu.

Na mimi lilinikuta. Niliweka 4.4, nikapima dakika 20 na Prime95, programu ya kuibana prosesa ifanye kazi mpaka mwisho, saa nne usiku, kukiwa kumetulia na kaupepo kanaingia dirishani, ikapita, nikaridhika. Jumamosi ile mchana nikarenda harusi ya mteja, kompyuta haikuzima wala haikuleta skrini ya bluu, faili likatoka, nikalipeleka. Jioni mama mzazi wa bibi harusi akanipigia, "mwanangu, pale binti yangu anaingia ukumbini mbona pameharibika?" Nikafungua nikakuta vipande vya kijani vimekatiza uso wa yule dada sekunde nne nzima. Prosesa ilikosea hesabu kimya kimya. Nilirudia kazi usiku ule ule kwa spidi ya kawaida na ile sauti ya yule mama bado naikumbuka.

Kwahiyo siku hizi napima saa nane mchana, dirisha na feni viko kama ninavyofanyia kazi, na nafungua programu ya HWiNFO pembeni nione joto la kila kiini. Volti naandika mwenyewe, siiachi kwenye Auto, maana mazabodi nyingi ukipandisha spidi zenyewe zinajipa volti nyingi kuliko inayohitajika. Kwenye spidi nagusa kizidishi tu, 42 mara megahezi 100 ni gigahezi 4.2 basi, ile 100 yenyewe kwenye hizi za 2011 inaendesha na sata na pisiai, njia za diski na kadi, ukiipandisha zaidi ya kidogo unaweza kuvuruga hadi diski. Napanda hatua moja, napima robo saa, napanda tena, ikifika 80 nasimama hata kama Intel wanasema inavumilia zaidi. Mwisho naiacha ipige masaa kadhaa.

Kama una desktop ya ofisi iliyotoka nje, zile OptiPlex za Dell na wenzake, usihangaike nayo, prosesa nyingi hazina ile K ya mwisho wa jina inayoonyesha Intel wameifungua uipandishe, na baiosi imefungwa. Ryzen za AMD karibu zote zimefunguliwa ila ukiwa na bodi ya A320 au A520 haikuruhusu. Na pawasaplai jamani, zile zinazokuja na kesi zimeandikwa wati 500 ukiinyanyua nyepesi kama boksi la biskuti, usiovakloki juu ya hiyo, tafuta nzuri kwanza.

Dogo nilimfuata jioni ile ile. Tulipotoa hitisinki, pasta inayopakwa kati yake na prosesa kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa na kati ya mapezi kuna vumbi limeshikana kama kitambaa. Tukasafisha na brashi ya rangi, tukaweka pasta mpya kiasi cha punje ya mchele mbili hivi, tukarudisha baiosi mwanzo, tukapanda taratibu mpaka 4.2 kwa volti 1.23. Kesho yake mchana kanitumia picha nyingine, Prime95 imepiga masaa matatu, nyuzi 76. Kaniuliza kama anaweza kujaribu 4.3, nikamwambia ajaribu, ila ile volti asiiguse.